Nyumba ya Mungu Inapogeuzwa Makazi ya Watu



Wapendwa katika Kristo, mwaka 1844 Wakatoliki Wajerumani waliohamia Boston, Marekani, walianzisha parokia ya Utatu Mtakatifu ili wapate kuungama na kusikia mahubiri kwa lugha yao. Baadaye walijenga kanisa la mawe, lililokamilika mwaka 1877. Msanifu wake, Patrick Keely, ndiye aliyesanifu pia Kanisa Kuu la Msalaba Mtakatifu la mji huo. Kwa vizazi kadhaa watoto walibatizwa humo, na marehemu wakaombewa humo.

Mwaka 2004 Jimbo Kuu la Boston lilitangaza kufungwa kwa makumi ya parokia. Waamini walikuwa wamepungua, mapadre wamepungua, na ukarabati wa majengo ulihitaji fedha nyingi. Kanisa la Utatu Mtakatifu lilifungwa mwaka 2008, na hatimaye likauzwa. Leo kuta zake za mawe zimesimama bado, lakini katikati yake limechomoza jengo la vioo lenye fleti 33 za kifahari.

Je, hiyo ni kufuru? Sheria za Kanisa, kanuni 1222, zinamruhusu Askofu, kwa sababu nzito na baada ya kulisikiliza Baraza la Mapadre, kulitoa kanisa kwa matumizi ya kidunia, mradi yasiwe ya aibu na wokovu wa roho za watu usidhurike. Altare ina ulinzi wake: kwa kanuni 1238, haipotezi tabaruku yake hata kanisa likiipoteza. Basi, kulala, kupika na kulea watoto si mambo ya aibu. Bwana wetu mwenyewe aliishi katika nyumba ya Nazareti.

Jambo la kutuhuzunisha liko kwingine: ni nani anayepata kuishi humo? Kanisa lililojengwa na wahamiaji limekuwa makazi ambayo mhamiaji maskini wa leo hawezi kuyanunua. Novemba 2018, katika ujumbe wake kwa mkutano uliofanyika Roma kuhusu makanisa yaliyoachwa, Baba Mtakatifu Fransisko alikumbusha kwamba mali za Kanisa hazina thamani isiyo na mpaka. Penye uhitaji, ziwatumikie wanadamu, hasa maskini. Hayo ndiyo mapokeo ya Mtakatifu Laurenti, shemasi aliyeuawa Roma mwaka 258. Alipodaiwa hazina za Kanisa, asimulia mapokeo, aliwakusanya maskini akawaonyesha.

Ndugu zangu, nasi tunachanga saruji na mabati kwa jasho. Tuchange, lakini tusisahau kwamba jengo lisilo na waamini ni mawe tu. Na ikiwa siku moja wajukuu wetu watalazimika kuifunga milango yake, wahakikishe kwamba maskini ndiye wa kwanza kufunguliwa mlango mpya.

Mungu awabariki nyote.