Mchungaji Ernst Johanssen: Shina Moja, Matawi Mawili

Msharika wa Ihanda akivuka mpaka na kuingia katika ibada ya Kanisa la Presbiteri la Rwanda, hudhani amefika kwa Wakristo wa chimbuko lingine. Historia yasema vinginevyo.

Ernst Johanssen alizaliwa mwaka 1864 nchini Ujerumani. Baada ya kusomea theolojia alifika Mlalo, Usambara, mwaka 1891, pamoja na Paul Wohlrab, wakitumwa na misioni iliyokuja kuitwa Betheli. Misioni hiyo ilitoka katika kanisa la Prussia, ambamo Waluteri na wafuasi wa Calvin walikuwa wameunganishwa tangu 1817. Mwaka 1907 Johanssen alikwenda Rwanda akiandamana na Wakristo Washambaa, na kazi ikaanza Zinga na Kirinda. Mwaka 1910 Betheli ilifika Bukoba, ambako Wahaya walioipokea Injili Uganda walikuwa wamekwisha kutangulia kulisoma Neno.

Huko Rwanda lilizuka swali zito: Mungu aitwe nani? Wamisionari Wakatoliki walitumia neno la Kiswahili, Mungu. Johanssen alichagua Imana, jina ambalo Wanyarwanda walikuwa wakiwapa watoto wao ndani ya majina yao. Aliamini kwamba Muumba hakungoja meli ya Wazungu ndipo ajulikane Afrika. Hata ibada za kubandwa alizichunguza kwa makini, akazitolea kitabu mwaka 1925. Hakuzikubali, kwa maana alimhubiri Kristo. Lakini alisikiliza kwanza.

Mwaka 1916 vita iliwaondolea Wajerumani utawala wa nchi hizi. Kazi ya Rwanda ikapokelewa na Waprotestanti wa Ubelgiji, na leo ni Kanisa la Presbiteri. Upande wetu ukawa sehemu ya KKKT mwaka 1963, na Dayosisi ya Karagwe ikazaliwa mwaka 1979. Basi majina yetu mawili yametokana zaidi na vita na mipaka kuliko na ugomvi wa imani.

Nakiri kwamba katika miaka yangu ya kwanza ya uchungaji niliwanyamazisha wazee waliotaka kusimulia habari za kubandwa na za Ruhanga wa mababu. Wengi wao wamekwisha kulala, na masimulizi yao wamekwenda nayo. Tunapoadhimisha miaka 100, tumshukuru Mungu kwa Johanssen, na kwa Washambaa walioacha kwao ili wahubiri ugenini. Tena, wazee waliosalia tuwasikilize kungali mchana.