Wauzaji wa Hofu: Historia Fupi ya Ada ya Opsheni

Aristotle, katika kitabu chake cha Siasa, anasimulia habari za Thales wa Mileto, mwanafalsafa aliyedharauliwa kwa umaskini wake. Kwa elimu ya nyota Thales alitambua, majira ya baridi yangali hayajaisha, kwamba mavuno ya zeituni yatakuwa mengi. Akatoa arbuni ndogo kwa ajili ya mashinikizo yote ya mafuta ya Mileto na Chios, na msimu ulipofika akayakodisha kwa bei aliyoitaka mwenyewe. Kisa hiki husomwa kama sifa ya mnunuzi. Mimi napenda kukisoma kwa upande wa wenye mashinikizo, ambao hata majina yao hatukuachiwa. Walipokea fedha kidogo mapema, na siku ya mavuno wakatazama faida ikienda kwa mwingine.

Biashara yao ingalipo. Opsheni ni mkataba unaompa mnunuzi haki, bila kumfunga kwa wajibu, ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyokubaliwa kabla ya siku fulani kupita. Haki hiyo hulipiwa ada. Muuzaji huiweka ada mfukoni na kuubeba wajibu. Mwaka 1973 soko rasmi la opsheni lilifunguliwa Chicago, na mwaka huohuo Fischer Black na Myron Scholes wakachapisha kanuni ya kukokotoa bei yake. Tangu hapo hofu ya soko ikawa bidhaa yenye bei: kadiri watu wanavyotarajia bei za hisa kuyumba, ndivyo ada inavyopanda.

Tukitazama siku za matokeo ya kampuni, tutaona jinsi bidhaa hii inavyouzwa. Nchini Marekani kampuni zilizoorodheshwa hutangaza hesabu zao kila robo mwaka. Siku chache kabla ya tangazo hakuna ajuaye litakalosemwa, na ada ya opsheni hupanda. Asubuhi baada ya tangazo fumbo limekwisha, na ada hushuka hata kama hisa yenyewe haikusogea sana. Anayeuza usiku wa kuamkia tangazo hujipatia tofauti hiyo. Mara nyingi hufaulu, kwa sababu kwa wastani watu huilipia hofu zaidi ya tukio lenyewe. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini tarehe 3 Februari 2022, siku moja baada ya kampuni ya Meta kutangaza matokeo yake, hisa zake zilianguka kwa asilimia 26, na thamani ya zaidi ya dola bilioni 230 ikatoweka kwa siku moja. Aliyekuwa ameuza kinga dhidi ya anguko hilo, bila yeye mwenyewe kujikinga, alikipindua kibaba chote.

Kuna waliokwenda mbali zaidi, wakaigeuza hofu yenyewe kuwa hati inayouzwa sokoni kama hisa ya kawaida. Fahirisi ya VIX hupima mtikisiko unaotarajiwa katika soko la hisa la Marekani. Benki ya Credit Suisse ilitoa hati iliyoitwa XIV, yaani VIX iliyosomwa kinyumenyume, ambayo thamani yake ilipanda kila soko lilipotulia. Mwaka 2017 soko lilitulia kupita kawaida, na hati ikapanda zaidi ya mara mbili. Tarehe 5 Februari 2018 hisa zikashuka, na VIX ikaruka kutoka takriban 17 hadi zaidi ya 37. Hati za aina hii zilipaswa kusawazishwa kila jioni kwa kununua mikataba ya mtikisiko, na ununuzi huo ukaipandisha zaidi bei ileile iliyokuwa ikiziua. XIV ilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya thamani yake, na benki ikaifunga. Masharti ya kuifunga yalikuwa yameandikwa katika waraka wa mauzo tangu mwanzo.

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni mambo ya matajiri na wacheza kamari. Nakataa, na ushahidi wangu ni mifuko ya Structured Alpha, iliyoendeshwa na tawi la Marekani la kampuni ya Allianz. Mifuko hiyo iliuza na kununua opsheni, na miongoni mwa waliowekeza humo ulikuwamo mfuko wa pensheni wa walimu wa jimbo la Arkansas. Wawekezaji waliambiwa kuwa wamewekewa kinga. Machi 2020, korona ilipotikisa masoko, walipoteza zaidi ya dola bilioni 7. Uchunguzi ulionyesha kuwa taarifa za hatari zilichezewa kabla ya kutumwa kwa wateja: katika mfano mmoja, hasara iliyokadiriwa kuwa asilimia 42 endapo soko lingeporomoka iligeuzwa kuwa asilimia 4 kwa kufuta tarakimu moja tu. Mwaka 2022 tawi hilo lilikiri kosa la udanganyifu, na malipo yake kwa jumla yakafikia takriban dola bilioni 6.

Simaanishi kwamba kuuza ada ni wizi. Bima haiwezi kuwapo bila mtu wa kuiuza, na mkulima anayetaka kujikinga na anguko la bei anamhitaji mtu wa upande wa pili. Kampuni ya bima hutenga akiba, hugawana hatari na wenzake, na husimamiwa kwa sheria. Ubaya huanza pale ada inapohesabiwa kuwa mshahara wa kila mwezi, akiba ikasahauliwa, na anayepokea ada akawa si yeye atakayelipa siku ya janga. Mwalimu wa Arkansas hakuuza opsheni hata moja. Waliouza walipata sehemu yao ya faida miaka ile ya utulivu, naye akawekwa kwenye foleni ya hasara bila kuulizwa.

Kwa hiyo wanafunzi wangu wanaponiuliza historia hii inawahusu nini, huwaambia waitazame mifuko inayotunza uzee wa wazazi wao. Mdhamini wa mfuko akisomewa mapato yanayopanda kila mwezi bila kuyumba, asipige makofi kwanza. Aulize ni hatari gani imeuzwa ili mapato hayo yapatikane, na siku ikidaiwa, nani atalipa. Jibu linalostahili kuaminiwa lina jina la mlipaji na kiasi cha akiba iliyotengwa, na linaonyesha tarakimu zote.