Katika Njia za Miguu za Irlandi

Mwenye gari anapita, mwenye miguu anaona. Siku hizi, pwani ya magharibi ya Irlandi, wageni wa inchi nyingi wanakuja kupumzika kwa namna ya ajabu: wanatembea kwa miguu juma zima, kiongozi mbele, wao nyuma, kilometa 15 au 20 kwa siku. Wanafuata bahari, wanapanda vilima, wanavuka kwa mashua mpaka visiwani. Wengine watauliza: Je, mtu anatoa feza ili achoke? Lakini habari za inchi ile zimeandikwa katika njia zake. Kila jiwe lina habari yake. Walakini jiwe halisemi, na ndiyo sababu ya kumfuata kiongozi. Basi, twende pamoja nao kwa akili, tuone yaliyolala chini ya nyayo zao.

Tuanzie kaskazini kidogo, katika wilaya ya Mayo. Hapo kuna mlima wa mawe uitwao Croagh Patrick, wenye meta 764, unaotazama bahari. Mtakatifu Patrick aliletwa Irlandi kama mtumwa, angali kijana wa miaka karibu 16. Alichunga wanyama wa bwana wake miaka sita, kisha alitoroka. Baadaye, katika karne ya 5, alirudi akiwa askofu, kuwahubiri wale wale waliomfunga. Wazee wanasimulia kwamba alifunga siku 40 juu ya mlima huo. Mpaka leo, siku ya Mungu ya mwisho ya mwezi wa Julai, maelfu ya watu wanaupanda, na wengine wao bila viatu. Tuseme wazi: katika inchi hiyo, kutembea kulikuwa sala kabla ya kuwa mapumziko.

Mbali kidogo na mlima ule kuna bonde la Doolough. Mgeni akilitazama atasema: Pazuri namna gani! Ziwa limetulia, milima imesimama huku na huku. Lakini kiongozi atamsimamisha mbele ya msalaba wa mawe ulio kando ya njia. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika viazi vya Kizungu, chakula cha maskini cha kila siku, ukaviozesha mashambani. Njaa ilidumu mpaka karibu mwaka 1852. Watu karibu milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja walihama, wengi wao kwenda Amerika. Tusifikiri kwamba inchi haikuwa na chakula kingine. Ngano na ng'ombe viliendelea kupakiwa melini kupelekwa Uingereza, kwa sababu maskini hawakuwa na feza ya kuvinunua. Mwisho wa Machi mwaka 1849, watu wengi wenye njaa walikusanyika Louisburgh wakiomba msaada. Waliambiwa waende kwa miguu mpaka nyumba ya Delphi, ng'ambo ya bonde, ili wakubwa wawatazame. Walikwenda katika baridi kali, wakarudishwa mikono mitupu, na wengine walianguka njiani wakafa.

Tangu mwaka 1988 watu wanatembea njia ile kila mwaka kwa kuwakumbuka, na mwaka 1991 Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika ya Kusini alitembea pamoja nao. Yeye aliyejua mateso ya watu wake hakuhitaji kufasiriwa sana.

Tuvuke sasa mpaka visiwa vya Aran. Katika kisiwa kikubwa, Inis Mór, Mtakatifu Enda alianzisha nyumba ya watawa mwishoni mwa karne ya 5, na watawa wengi walipata mafundisho yao huko. Lakini tutazame pia kazi ya watu wasio na jina. Kisiwa ni mwamba mtupu. Wakulima waliokota mawe wakajenga kuta nyingi, bila chokaa wala saruji. Kisha walibeba mchanga na majani ya baharini, wakavitandaza juu ya mwamba, wakavichanganya na udongo kidogo waliookota katika nyufa. Hivyo walitengeneza shamba mahali pasipo na shamba. Anayepita kati ya kuta zile anapita katika jasho la watu.

Tushuke kusini, mpaka wilaya ya Kerry, kwenye ufuko wa mchanga uitwao Banna. Mtu wa Kongo asipite hapo bila kusimama. Roger Casement, aliyezaliwa karibu na Dublin mwaka 1864, alikuwa konsuli wa Uingereza katika Kongo ya mfalme Leopold. Mwaka 1903 alipanda mto, akasikiliza watu wa vijiji walioteswa kwa ajili ya mpira, na mwaka 1904 taarifa yake ilitangazwa, hata Ulaya ikashtuka. Aliandika baadaye kwamba katika misitu ya Kongo ndimo alimojitambua kuwa Mwairlandi. Kumbe machozi ya watu wetu yalimfungua macho juu ya inchi yake mwenyewe, iliyokuwa chini ya Waingereza. Ijumaa Kuu, tarehe 21 Aprili 1916, chombo cha Wajeremani kinachopita chini ya maji kilimleta karibu na Banna. Alikamatwa siku ile ile, akanyongwa London tarehe 3 Agosti. Mwaka 1965 mwili wake ulirudishwa Dublin, na leo ukumbusho wake unasimama ufukoni pale.

Toka hapo, rasi ya Dingle inaingia baharini kama kidole. Njia ya miguu inayoizunguka ina kilometa karibu 180. Kando yake kuna kanisa dogo la Gallarus, la mawe matupu, lenye umbo la mashua iliyopinduliwa. Wajenzi waliyalaza mawe kwa kuyainamisha kidogo upande wa nje, ili maji ya mvua yateleze. Hivyo limesimama karne nyingi. Mbali kusini baharini kuna mwamba wa Skellig Michael, wenye meta 218. Watawa wa zamani walijenga ngazi zaidi ya 600 za mawe, na juu wakajenga vibanda mfano wa mizinga ya nyuki. Watawa wa Misri walikwenda jangwani. Irlandi haina jangwa, basi bahari ikawa jangwa lao. Walikaa humo karne nyingi, wakinywa maji ya mvua, hata Waviking walipowashambulia.

Mwisho wa rasi tunaona kisiwa cha Blasket Kubwa, kilometa karibu mbili tu kutoka bara. Mwaka 1916 kilikuwa na watu karibu 175. Hakikuwa na kanisa wala padri wala daktari. Kwa kusikia Misa watu walipiga makasia mpaka bara, kama bahari iliwaruhusu. Vijana walianza kwenda Amerika, mmoja akimwita mwenzake. Mwanzo wa mwaka 1947 kijana mmoja alikufa kwa ugonjwa wa utando wa ubongo, na dhoruba ilizuia daktari na padri kumfikia. Mwezi wa Aprili mwaka ule watu wa kisiwa, waliofungwa na dhoruba, walipeleka telegramu kwa mkuu wa serikali, Éamon de Valera, wakiomba chakula. Tarehe 17 Novemba 1953 serikali ilianza kuwahamisha waliobaki, 22 tu. Walipewa makao bara, mahali wanapoweza kuona kisiwa chao kila asubuhi.

Leo wageni wanatembea kati ya nyumba zile zilizobomoka. Je, ni vibaya kufurahi mahali watu walipolia? Hapana, lakini mtu asifurahi kama kipofu. Na tuangalie jambo hili: kabla ya kisiwa kuachwa, watu watatu waliokaa humo walitoa vitabu vya maisha yao kwa lugha yao ya Kigaeli. Tomás Ó Criomhthain, mvuvi na mkulima, alitoa chake mwaka 1929. Muiris Ó Súilleabháin mwaka 1933. Na mama Peig Sayers mwaka 1936, naye hakushika kalamu, alisema tu na mwanawe akaandika. Kwa ajili yao kiongozi anaweza kuonyesha mlango fulani na kusema nani alikaa humo, alicheka nini, alizika nani. Wazee wetu nao wangali wanasema jioni. Mwenye mtoto anayejua kuandika amwite, akae karibu, asikilize.