Diski ya Wingu: Kuhama kutoka Programu za Zamani hadi za Kisasa

Diski ya wingu ni nafasi ya kuhifadhia faili katika kituo cha data cha mbali, lakini huonekana kwenye kompyuta kama diski ya kawaida yenye herufi yake, mathalani Z. Programu zinazoiunganisha ni za vizazi viwili. Za zamani zilijengwa kana kwamba mtandao haukatiki. Za kisasa zimejengwa zikijua kwamba utakatika. Ndiyo maana ofisi za shule, vyama vya ushirika na mashamba zilizo mbali na miji, kama zile za uwanda wa Ndabibi magharibi mwa Ziwa Naivasha, zina sababu nzito zaidi ya kuhama kuliko ofisi za Nairobi.

Programu za zamani hutegemea itifaki kama SMB, yaani kanuni za mawasiliano kati ya kompyuta na seva. SMB, iliyobuniwa miaka ya 1980, ilikusudiwa seva iliyo katika jengo moja na watumiaji wake. Huuliza, hungoja jibu, kisha huuliza tena. Ndani ya jengo, kungoja huko hakuhisiki. Lakini data husafiri katika nyaya za kioo kwa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka Nairobi hadi Johannesburg, ambako Microsoft ilifungua vituo vya data mwaka 2019, ni kilomita 2,900 hivi. Kwenda na kurudi hakuwezi kuchukua chini ya milisekunde 29. Folda inayohitaji maswali 1,000 yanayofuatana itamngojesha karani karibu nusu dakika, hata mtandao uwe mzuri namna gani. Itifaki nyingine ya zamani, WebDAV, iliyosanifishwa mwaka 1999, ilivuka intaneti kwa urahisi zaidi, ila Windows huiwekea kikomo cha takriban megabaiti 50 kwa faili mpaka mipangilio ibadilishwe, na Microsoft ilitangaza Novemba 2023 kwamba haitaiendeleza tena. Usalama nao ulilegea: Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa duniani kupitia tundu katika toleo la kwanza la SMB.

Programu ya kisasa hubadilisha mpangilio wenyewe. Huleta kwanza orodha ya majina, huiteremsha faili inapofunguliwa, na hubakiza nakala ndani ya kompyuta. Mabadiliko huhifadhiwa hapo hapo, kisha hupandishwa kimyakimya mtandao unaporudi. Matoleo ya awali ya faili hutunzwa, na anayeingia huthibitishwa kwa nenosiri pamoja na uthibitisho wa pili. Muda wa kungoja unatoka mikononi mwa mtumiaji na kuachiwa mashine.

Wapo wanaosema kwamba penye mtandao dhaifu seva ya ofisini ndiyo salama. Hoja hii ina uzito: seva hiyo haihitaji bando. Lakini inahitaji stima na fundi, na ikiibwa au kuungua bila nakala kwingine, kumbukumbu zote zimekwenda. Wengine wanashauri kusubiri, kwa kuwa Mei 2024 Microsoft na kampuni ya G42 zilitangaza mpango wa kujenga kituo cha data Olkaria, ng'ambo tu ya Ndabibi, kitakachotumia umeme wa mvuke wa ardhini. Hata hivyo, faili haifuati umbali wa macho. Hufuata njia ya mtoa huduma, na mawimbi yakipotea kati ya ofisi na mnara, kituo cha jirani hakifikiki sawasawa na cha mbali. Hoja ya tatu ni faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 haikatazi taarifa za watu kuvuka mpaka. Inadai kinga za kutosha, kwa hiyo mkataba na mtoa huduma usomwe kabla ya faili ya kwanza kuhamishwa.

Kuhama kwenyewe kunataka utaratibu. Faili zihesabiwe, ruhusa za kila mtu zipitiwe upya, na herufi ya diski ibaki ile ile ili viungo kati ya majedwali visivunjike. Seva ya zamani iachwe kwa kusoma tu kwa muda kabla ya kuzimwa. Hifadhidata ya hesabu inayoandikwa na watu kadhaa kwa wakati mmoja isiwekwe kwenye diski ya wingu, kwa maana nakala mbili zilizobadilishwa mtandao ukiwa umekatika zitagongana. Nakala rudufu pia itengwe, kwa sababu faili iliyofutwa kwenye kompyuta moja hufutika kote. Mwisho, kabla ya kulipia programu yoyote, waya wa mtandao uchomolewe asubuhi ya kazi. Karani akiendelea kuandika faili alizozizoea, na jioni kazi yake ikapanda yote waya unaporudishwa, programu hiyo inaifaa Ndabibi.