Tuache kuziita 'dawa za wazimu'

Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili alitoweka darasani kwa majuma kadhaa. Aliporejea, alinieleza kuwa alikuwa amelazwa, akapata nafuu, akaacha dawa, kisha akazidiwa tena. Nilimuuliza kwa nini aliacha. Akanijibu: "Profesa, siku ya kuchukua dawa niliitwa mbele ya foleni, 'Wewe wa dawa za wazimu, njoo!' Nani angerudi pale?"

Jibu hilo lilinifanya nichunguze upya historia ya maneno haya.

Neno 'wazimu' lina udugu na 'mzimu', yaani roho ya aliyekufa. Ndiyo maana hadi leo tunasema wazimu umempanda mtu, jinsi tusemavyo amepandwa na pepo. 'Majinuni', neno tulilolitoa katika Kiarabu, lina mantiki iyo hiyo: ni mtu aliyeingiwa na jini. Kwa mtazamo huo tiba ilikuwa kupunga pepo, si kumeza kidonge.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuja na msamiati wake. Mnamo 1910, mahali palipokuwa pakitumika kuwatenga wagonjwa wa ndui jijini Nairobi paligeuzwa kuwa hifadhi ya wendawazimu. Mnamo 1924 hifadhi hiyo ikaitwa Hospitali ya Mathari. Jina lilibadilishwa, lakini aibu ikalifuata jina jipya. Leo mtu akikosea kidogo tu utasikia, "Huyo apelekwe Mathare!"

Dawa zenyewe zilikuja baadaye. Mnamo 1952, Jean Delay na Pierre Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne, Paris, waliwapa wagonjwa wao klorpromazini. Awali, daktari wa upasuaji Henri Laborit alikuwa ameona kwamba dawa hiyo humtuliza mgonjwa bila kumpoteza fahamu. Kutokana na utulivu huo Waingereza na Wamarekani waliziita dawa za kutuliza, nasi tukatafsiri vivyo hivyo. Mitaani zikaishia kuwa 'dawa za usingizi'.

Hapa ndipo lugha inapopotosha. Tangu utafiti wa Arvid Carlsson wa 1963, wanasayansi wamezidi kuelewa kuwa dawa hizi hupunguza nguvu za kemikali iitwayo dopamini katika ubongo, na kwa njia hiyo huzuia mgonjwa kusikia sauti zisizokuwepo au kuandamwa na shuku zisizo na msingi. Utulivu na usingizi si kiini cha tiba. Lakini mtu aliyeambiwa kuwa anameza dawa ya kumtuliza, akishatulia ataendelea kuimeza kwa nini?

Sonona nayo ina tatizo lake. Wengi wetu huiita 'msongo wa mawazo', jina ambalo pia hutumiwa kwa uchovu wa kazi na madeni. Mgonjwa akisema ana msongo, anaambiwa, "Pumzika tu, bwana, yatapita." Wenzetu wa Tanzania wametuauni kwa kuitoa nomino 'sonona' katika kitenzi 'kusonona', yaani kuumia moyoni. Naiunga mkono.

Pendekezo langu ni jepesi. Tunasema 'dawa za presha' na 'dawa za sukari', na wazee wetu huzimeza miaka nenda miaka rudi bila kuona haya. Basi tuseme 'dawa za sonona' na 'dawa za skizofrenia', tukitaja ugonjwa, wala si kumtusi anayeugua. Na pale mbele ya foleni, mhudumu amwite mgonjwa kwa jina lake. Ugonjwa wake wauzungumze faraghani.

Najua istilahi haiponyi mtu. Lakini mwanafunzi wangu alirudi wodini kwa sababu ya maneno matatu tu.