Oili ya Bodaboda: Nani Anabeba Gharama ya Injini Kampala?

Dereva wa bodaboda jijini Kampala akikata kilomita 100 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, mwezi unaisha amekwenda kilomita 2,600. Kutoka Kampala hadi Mombasa kupitia Busia na Nairobi ni takriban kilomita 1,150, kwa hiyo huyu amekwenda pwani na kurudi bila kutoka mjini. Anayefunga safari ya kweli ya Mombasa hujiandaa: hupima oili kabla ya kuondoka, hubeba chupa ya akiba, na akisimama kujaza petroli hupima tena. Anayezunguka kati ya Wandegeya, Kisenyi na Ntinda mara nyingi hafanyi hivyo, ingawa injini yake inachoka vilevile, pengine zaidi. Wengi husema chanzo ni uzembe wa vijana, au ubovu wa pikipiki za bei nafuu. Historia ya biashara hii inatoa jibu jingine. Oili hukaguliwa pale anayeendesha ndiye atakayelipia injini ikifa, na hupuuzwa pale gharama hiyo inapomwangukia mtu mwingine.

Biashara yenyewe ilianza bila injini. Miaka ya 1960, huko Busia, waendesha baiskeli walivusha watu na mizigo katika kipande cha ardhi kati ya kituo cha mpakani cha Uganda na kile cha Kenya. Ubovu wa baiskeli haujifichi: mnyororo mkavu hulia, na anayekanyaga pedeli huuhisi ukavu huo miguuni. Kisha mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, ambao mikononi mwao ilikuwa sehemu kubwa ya biashara ya magari na vipuri. Bidhaa kutoka nje zikaadimika, magendo yakashamiri, na baiskeli za mpakani zikawa miongoni mwa vyombo vyake. Mjini Kampala, mafundi wa Katwe walijifunza kuchonga, kuchomelea na kuunganisha walichokipata ili chombo kirudi barabarani. Ustadi huo uliokoa jiji, na unastahili heshima. Hata hivyo uliacha mazoea ambayo hayajaisha: fundi anaitwa injini ikishakufa, na sifa anapewa aliyeifufua. Aliyeitunza isife haonekani.

Pikipiki za abiria zilianza kuenea Kampala katika miaka ya 1990. Kabla ya hapo pikipiki ilikuwa zaidi chombo cha ofisi, misheni na mabwana shamba, na nyingi zilikuwa za mipigo miwili, kama Yamaha AG100 na Suzuki A100. Katika injini ya aina hiyo oili huungua pamoja na petroli. Ama dereva huichanganya mwenyewe ndani ya tangi, ama pampu huipima na kuipeleka, kama ule mfumo ambao Yamaha iliuleta mwaka 1964 kwa jina la Autolube. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa oili kuisha. Kuinunua kulikwenda sambamba na kununua petroli, na moshi wa buluu ulikuwa wa kawaida. Zaidi ya hayo, adhabu ya kusahau ilikuja haraka. Petroli tupu bila oili hukwamisha pistoni ndani ya silinda baada ya mwendo mfupi tu, na anayeachwa kando ya barabara ni yule yule aliyesahau. Kosa na gharama yake vilikutana siku ile ile.

Injini za mipigo minne zilivitenganisha. Bajaj, kampuni ya India iliyoshirikiana na Kawasaki ya Japani tangu miaka ya 1980, ilileta Boxer. Kampuni ya TVS nayo ikaingia, na pikipiki hizi zikatawala steji za Kampala. Zilistahili ushindi huo: zinakunywa petroli kidogo, hazifuki moshi, na vipuri vyake vinapatikana kila kona. Lakini sasa oili inakaa tumboni mwa injini, kiasi cha lita moja hivi, na lita hiyo moja inalainisha pistoni, gia na klachi. Tuchukue injini iliyochoka kidogo inayopoteza mililita 100 kwa kila kilomita 1,000. Mwisho wa mwezi imepungukiwa na zaidi ya robo lita. Kwa gari lenye lita nne za oili huo ni upungufu mdogo. Kwa Boxer ni robo ya oili yote. Iliyobaki inazunguka mara nyingi zaidi, inapata joto zaidi, inakuwa nyepesi, na inapenya kwenye ringi za pistoni na kuungua kwa kasi kubwa zaidi. Katika barabara ya Gulu au Masaka, saa nyingi za kukaza mafuta huongeza joto hilo. Katika foleni ya Jinja Road hali si nafuu, kwa sababu injini hizi hupozwa na upepo wa mwendo: pikipiki ikisimama upepo nao unasimama, injini inaendelea kuchemka, na kipima kilomita hakisogei hata namba moja. Dereva anayehesabu kilomita peke yake anadanganywa na kipimo chake.

Sasa tuangalie mkataba wa kazi. Katika mtindo uliozoeleka tangu mwanzo, mwenye pikipiki humkabidhi kijana chombo, na kijana hupeleka hesabu ya siku. Petroli na matengenezo madogo ni ya dereva. Injini ikifa, hasara kubwa ni ya mwenye mali. Oili imeangukia katikati. Kwa dereva, chupa ya oili ni fedha inayotoka leo katika mfuko ambao bado haujatimiza hesabu, na faida yake itaonekana baada ya miezi, wakati huenda pikipiki hiyo iko kwa mtu mwingine. Kwa mwenye mali, faida ni kubwa, ila hayupo asubuhi kupima oili. Kila mmoja anafanya hesabu yenye akili kwa upande wake, na injini inakufa katikati yao. Kuuita huu uzembe ni kuwaonea watu ambao, kwa masharti waliyopewa, wanajua vizuri wanachokifanya.

Kuna watakaosema kwamba tatizo ni oili yenyewe: dukani pamejaa iliyoghushiwa, au ya gari inayotiwa kwenye pikipiki. Hoja hii ina uzito. Oili dhaifu huungua na kuwa nyepesi mapema, na baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano vinavyofanya klachi ya pikipiki iteleze, kwa kuwa klachi hiyo inaogelea ndani ya oili ile ile. Ndiyo maana mwaka 1998 Wajapani waliweka kiwango cha JASO, chenye alama ya MA kwa pikipiki za aina hii. Lakini tujiulize ni nani husimama dukani na kusoma alama hiyo nyuma ya chupa. Anayejua injini hii itamlisha mwakani ataisoma, na atauliza. Anayejua ataiacha pikipiki mwisho wa mwezi atachukua iliyo rahisi. Ubora wa oili ni tatizo la kweli, na sehemu yake kubwa inalishwa na mnunuzi asiyekuwa na sababu ya kuchagua vizuri.

Pingamizi gumu zaidi ni hili: wapo madereva wanaomiliki pikipiki zao na bado wanaziua kwa kuzikosesha oili. Kampuni ya Tugende, iliyoanza Kampala mwaka 2012, imewawezesha maelfu ya madereva kumiliki pikipiki kwa kulipa kidogo kidogo. Iweje umiliki usiwe dawa tosha? Kwa sababu hati peke yake haimpi mtu nafasi ya kupumua. Dereva mwenye rejesho la wiki, kodi ya nyumba na ada ya shule anaweza kuipenda pikipiki yake kwa dhati na bado akaahirisha chupa ya oili hadi Jumatatu. Hapo hoja yangu inahitaji kuongezewa: anayeendesha lazima awe ndiye atakayebeba gharama ya kesho, na pia awe na akiba ya kuilipa leo. Umiliki unaleta la kwanza. La pili linaletwa na chama cha madereva: steji ina mwenyekiti wake na michango yake, na mfuko mdogo wa oili hapo ni rahisi kuusimamia kuliko wa mazishi au wa faini.

Tazama pia oili inakokwenda. Fundi wa kando ya barabara hulegeza nati ya chini, oili nyeusi kama lami hutiririka ndani ya dumu lililokatwa ubavu, kisha humimina mpya kwa faneli aliyotengeneza kwa shingo ya chupa ya plastiki. Oili chafu ina wateja wake: hupakwa kwenye mnyororo na kwenye nguzo za mbao kuzuia mchwa. Lakini inayomwagwa chini husombwa na mvua hadi kwenye mfereji wa Nakivubo, na Nakivubo humwaga maji yake katika ghuba ya ndani ya Murchison, Ziwa Victoria, ile ile ambako mitambo ya Ggaba huvuta maji ya kunywa ya jiji. Ni kosa lile lile katika sura nyingine: anayemwaga halipi, na anayelipa hakumwaga.

Watakuja wanaosema kwamba mjadala huu unakaribia kuisha, kwa kuwa pikipiki za umeme zimeshaingia Kampala na mota yake haina oili ya injini. Ni kweli haina, na hilo ni jema kwa ziwa na kwa mapafu ya watu. Lakini ina betri, na betri huchakazwa na joto na matumizi mabaya kimyakimya kama injini inavyochakazwa na ukosefu wa oili. Waanzilishi wa biashara hiyo walilitambua hilo mapema: katika mtindo wa kubadilishana betri vituoni, betri hubaki mali ya kampuni, na kampuni huipima kila inaporudi. Yaani wamempa jukumu la kukagua yule yule atakayepata hasara. Wenye pikipiki za petroli hawana haja ya kusubiri teknolojia mpya ili wafanye hivyo. Mkataba wa hesabu unaweza kusema wazi kwamba oili inanunuliwa na mwenye mali, chapa na daraja vikiwa vimeandikwa, na kwamba dereva anapima kila asubuhi injini ikiwa baridi, pikipiki imesimama wima mahali tambarare, na kuongeza panapopungua. Gharama ya kuongeza huko ni chupa chache kwa mwaka.