Kiingereza katika Madarasa ya Stockholm

Kiswidi cha vitabu na magazeti ya Stockholm kilikuwa na kaida ya kubadili kitenzi kwa wingi, hata mtu akaandika "jag är" kwa nafsi yake na "vi äro" kwa jamaa zake; walakini vinywa vya watu vilikwisha kuitupa kaida hiyo zamani, na mwaka 1945 shirika la habari la TT, ambalo taarifa zake zilijaza magazeti ya nchi nzima, nalo likaiacha. Ajabu ni kwamba mwaka uliofuata, 1946, Kiingereza, ambacho bado hubadili kitenzi, kilishika mahali pa Kijerumani kuwa lugha ya kwanza ya kigeni shuleni, na kwa mageuzi ya 1962 kikawa faradhi kwa kila mtoto wa shule ya msingi. Basi walimu wakawa na kazi ya kusahihisha "they was" na "he have", makosa yasiyotokana na uvivu, maana "är" humtosha Mswidi kwa mmoja na kwa elfu. Sisi tunaosema anasoma na wanasoma tungeiona taabu hiyo ndogo, lau si vile vineno "a" na "the" vinavyotuadhibu. Dawa ya makosa hayo ya kitenzi, kwa rai yangu, ni kumtafuta mtenda kwanza, ndipo kitenzi kikaguliwe: katika "the list of names are long", iliyo ndefu ni orodha, wala si majina, basi andika "is".